Mwendapole: siku tisa kutoka Bukavu hadi Goma, na usiku mmoja wa tufani kisiwani Idjwi

Daftari nililosafiri nalo lililowa usiku wa tarehe 17, na kurasa zake tano zimegandana mpaka leo. Ninayoandika hapa nimeyajenga upya kwa kurasa zilizopona, picha za simu, na ujumbe wa sauti niliokuwa nikimtumia mjomba kila jioni. Bei zote ni zile nilizolipa mimi mwenyewe, Novemba 2024.

Kazi ilikuwa kuleta Goma, kwa kupita Ziwa Kivu hapa Kongo, boti la tanga la mjomba, Mwendapole, lililokuwa Bukavu. Ni boti la mbao la mita saba: mlingoti mmoja wa alminiamu, tanga kubwa, tanga dogo la mbele, na moteri ya nguvu ya farasi 8 ya kusaidia upepo ukikataa. Mjomba amehamia Goma, mgongo unamsumbua, akaniomba mimi. Nilikubali papo hapo, halafu nikakaa siku kadhaa silali vizuri. Tarehe 3 Oktoba boti la abiria lililotoka Minova, limejaa kupita kiasi, lilizama likiwa limebakiza kidogo tu kufika bandari ya Kituku, Goma, watu wa ufukweni wakiliona. Vita vilikuwa vimekata barabara ya Sake, mji jirani wa Goma, kwa hiyo watu na magunia yao yote walipita majini. Jirani yetu alimpoteza mdogo wake siku ile. Aliposikia naenda kuleta boti, hakunikataza. Aliniambia tu: "Dada, usiondoke kwa sababu watu wanakuharakisha." Nikaliandika neno hilo ukurasa wa kwanza wa daftari.

Jumatano 13 Novemba: Goma – Bukavu

Kanoti rapidi, boti la abiria la mwendo wa kasi, ilichelewa saa nzima. Nauli dola 40, na faranga elfu chache za ada ya bandari. Ninachokikumbuka zaidi ni jile (jaketi) za kuokolea. Miaka yote niliyopita njia hii watu walikuwa wakizikalia au kuzilalia. Safari hii kila abiria aliifunga yake hadi juu kabla ya kuambiwa, na mama mmoja mbele yangu alifunga ya mtoto wake, akaifungua, akaifunga tena. Hakuna aliyemcheka.

Bukavu tulifika mchana. Ukiingia kutoka ziwani unaziona rasi zake zimenyooka majini kama vidole vya mkono, nyumba zimepandana hadi juu. Nahodha wetu alikuwa ananingoja. Nitamwita Mzee, kama nilivyomwita safari nzima. Ni mtu wa Kivu, ila ujana wake aliumaliza kwenye majahazi kati ya Tanga na Pemba, na maneno ya kule hayajamtoka. Mbele ya boti kwake ni omo, nyuma ni tezi, kamba ya kupandishia tanga ni henza, ya nanga ni amari, na maji yanayojikusanya chini ya sakafu yako kwenye ngama. Kabla ya chakula alinipa kipande cha kamba, akataka nifunge kitanzi kisichoteleza. Nilifunga. Akakivuta kwa mkono mmoja, kikafunguka.

"Rudia, mama."

Nilirudia mpaka mke wake akaja kusema bugali unapoa. Tulikula na sambaza (dagaa wa huku) za kukaanga na sombe, majani ya mihogo. Nilipokwenda kulala vidole vilikuwa vinaniwaka, lakini kitanzi kilikuwa kinashika.

Ukipanda kanoti rapidi, kaa nyuma. Mbele inaruka na kupiga maji, na mgongo utaujua kesho yake. Chukua koti hata kama jua linawaka.

Alhamisi 14 na Ijumaa 15: Bukavu

Siku mbili hizi hatukusafiri hata mita moja, na sasa najua ndizo zilizotufikisha.

Tuliinua mbao zote za sakafu. Ngama ilikuwa imejaa majani, mchanga na kipande cha kitambaa kilichokuwa kimeshaanza kuziba mdomo wa pampu. Mzee alikitoa, akakiweka kwenye kiganja changu, hakusema kitu. Boti likijaa mvua usiku na pampu imezibwa na kitambaa, linazama limefungwa palepale penye usalama. Tulisafisha pia matundu mawili yanayotoa maji ya mvua mahali pa kukaa, tukayajaribu kwa ndoo. Sehemu tatu za ubavu zilikuwa zimelegea pamba kati ya mbao, tukazikalafati upya. Bisibisi niliyoisukuma kwenye mbao kuzunguka usukani haikuzama, kwa hiyo mbao haijaoza.

Ijumaa asubuhi tulipanda soko la Kadutu kutafuta kamba. Kila duka lilitutolea ile ya plastiki ya buluu, nyepesi, rahisi. Mzee aliipinda mbele ya kijana muuzaji, nyuzi zikamwagika kama makapi, kisha akamweleza kwa heshima kabisa kwamba jua limekwisha kuila. Alitaka nailoni, kwa kuwa nailoni hunyumbuka: wimbi likivuta, kamba inarefuka kidogo na kumeza pigo, badala ya kulipeleka lote kwenye chuma na mbao. Tuliipata duka la saba, unene wa milimita 14. Mita 90, dola 117 baada ya maneno mengi. Tukaongeza mita nne za bomba la kumwagilia bustani, mipira ya ndani ya matairi ya baiskeli minane, magunia sita matupu, na mnyororo wa mita tano uliokuwa umelala chini ya meza ya fundi baiskeli. Muuza mipira aliuliza tuna baiskeli ngapi. Aliposikia ni za kuzuia kamba zisikatike kwenye tufani, alituongezea mipira mitatu bure.

Usiku huo, kutoka mtaa wa Nguba, tuliangalia radi zikicheza juu ya Kabare. Mwaka 2016 watafiti waliojumlisha miaka mingi ya vipimo vya setilaiti walipanga mahali panapopigwa zaidi na radi duniani. Ziwa Maracaibo la Venezuela lilikuwa la kwanza, na la pili ni Kabare, hapo hapo juu ya Bukavu: takriban miale 205 kwa kila kilomita ya mraba kwa mwaka. Sake nayo imo kwenye kumi za mwanzo. Maana yake ni kwamba safari yetu nzima, mwanzo hadi mwisho, ilikuwa na mlingoti wa alminiamu wa mita tisa katikati ya hizo mbili. Nilimwuliza Mzee kama haogopi. Alisema anaogopa, na ndiyo sababu amenunua mnyororo.

Karatasi za kuondokea zilichukua saa nne za Ijumaa mchana na mihuri mitatu. Nenda na nakala za kila kitu, na chakula.

Jumamosi 16: Bukavu – kusini mwa Idjwi

Tuliondoka saa kumi na mbili alfajiri, watatu: Mzee, mimi, na kijana wa Kalehe aliyekulia kwenye uvuvi. Ananiita yaya, yaani dada mkubwa, na anafunga kamba haraka kuliko ninavyoandika jina langu. Wavuvi wa sambaza walikuwa wanarudi na taa zimezimwa, mitumbwi mitatu mitatu iliyounganishwa kwa miti mirefu, wakiimba kwa kupokezana ili makasia yaende pamoja. Walitupigia mluzi walipoliona tanga. Sambaza wenyewe ni wageni, waliletwa kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, na leo huwezi kuwaza Kivu bila wao.

Upepo ulikuwa mwepesi mpaka saa nne, kisha ukaja wa kutosha. Kijana alitaka tanga lote lifunguliwe. Mzee alilipunguza mkunjo mmoja hata hivyo, akasema kukunja tanga upepo ukiwa mdogo ni kazi ya mtu mmoja na dakika tano, ukishakuwa mkubwa ni kazi ya watatu na huenda isiwezekane.

Kitu ambacho wageni wa maboti hawakijui kuhusu Kivu ni ugumu wa kutia nanga. Ziwa linafika kina cha zaidi ya mita 480, na mahali pengi mlima unaendelea kushuka chini ya maji vilevile ulivyoshuka juu. Unaweza kuwa mita 30 kutoka kwenye migomba ya mtu na nanga yako isiguse chini. Ghuba zenye chini ya kufikika ni chache, na inabidi uwe umezichagua kabla hujazihitaji. Sisi tulitumia kamba yenye jiwe na mafundo kila mita mbili, tukapima ghuba nne kabla ya kupata iliyotufaa upande wa magharibi wa Idjwi: mdomo mwembamba, kilima upande wa kusini, tope la mita sita chini, na miti mikubwa ufukweni. Tulilala hapo. Watu wa juu walitushushia nanasi mbili, wakakataa pesa.

Kaeni magharibi ya kisiwa. Mashariki kuna mpaka na Rwanda majini, na hauoni mstari wowote.

Jumapili 17: ghubani

Asubuhi ilikuwa nzuri kupita kiasi. Ziwa limelala kama mafuta, joto la kukaba saa mbili tu, milima ya Kalehe ng'ambo inaonekana karibu kiasi cha kuhesabu mabati. Mpango ulikuwa kuondoka saa tatu. Mjomba alipiga simu: mahali pa kufungia boti Goma pamewekwa kwa ajili yetu mpaka Jumatatu jioni, baada ya hapo atapewa mwingine. Nikaanza kukunja mikeka.

Kijana ndiye aliyeona kwamba wavuvi, ambao saa hiyo huwa wamelala, walikuwa wanavuta mitumbwi yao juu kuliko kawaida. Kisha mama mwenye shamba la nanasi alishuka mpaka kwenye maji, mikono kiunoni.

"Munaenda wapi, batoto?"

"Goma, mama."

"Leo? Na hii joto? Mukae. Mutaenda ikipita."

Mzee alinigeukia. "Wewe ndiye umesimama mahali pa mwenye boti. Sema."

Nilijua anachofikiri, lakini hakunisaidia. Nilisema tunabaki. Nilimpigia mjomba nikamwambia mahali pa Goma apewe huyo mwingine. Alinyamaza muda, akasema, "Fungeni vizuri."

Tulikuwa na kama saa saba, na tulizitumia zote. Mzee alikuwa na mpangilio wake, akaurudia mpaka nikaushika: kwanza kinachoshika, pili kinachoshikwa na upepo, tatu kinachoingiza maji, mwisho watu.

Kinachoshika. Tuligeuza omo kutazama mdomo wa ghuba, tukashusha nanga mbili mbele, zimeachana kama herufi V. Kila moja ilikuwa na mita 45 za kamba, na kwa kina cha mita sita tuliachia mita 42, mara saba ya kina. Kamba fupi huivuta nanga kwenda juu na kuing'oa. Ndefu huivuta ikiwa imelala, nayo huzidi kujichimbia. Katikati ya kila amari Mzee alining'iniza gunia lenye mawe, ili uzito uizuie kamba isinyooke kwa pigo moja. Tuliwasha moteri, tukavuta nyuma taratibu huku nikitazama mti na mwamba vikiwa mstari mmoja. Nanga ya kulia iliburuzika. Tuliipandisha, tukaitupa upya. Ilishika mara ya tatu. Kisha kamba mbili za tezi zikaenda ufukweni kwenye miti miwili tofauti, magunia yamezungushwa shinani ili kamba isiukate mti wala mti usiikate kamba. Kila kamba ilipogusa mbao au chuma tuliivisha kipande cha bomba la bustani, tukafunga kwa mpira wa baiskeli. Hiyo peke yake ilitula saa moja na nusu.

Kinachoshikwa na upepo. Tanga la mbele tulilitoa lote. Tanga kubwa tulilivua kwenye mlingoti, tukalikunja, tukaliingiza ndani likiwa zito kama mtu aliyelala. Nilidhani kulifunga tu kungetosha. Mzee alisema tufani huanza na kona moja iliyolegea, na vidole vyake vina subira kuliko mafundo yako. Mti wa chini wa tanga ulishushwa, ukafungwa sakafuni. Henza zilivutwa mbali na mlingoti, zikafungwa kwenye waya za pembeni, zisije zikaupiga usiku kucha na kujisaga. Ndoo, makasia, turubai la jua, hata boya dogo la pembeni: vyote ndani au ufukweni.

Kinachoingiza maji. Ngama ikakaushwa kwa sifongo, pampu ikajaribiwa, betri ikaonekana imejaa. Madirisha yalifungwa na kuzungushiwa mpira. Moteri ilivuliwa ikapelekwa nchi kavu, pamoja na petroli. Mnyororo wa Kadutu tuliufunga kwenye waya wa mlingoti, ncha yake tukaizamisha majini, radi ipate njia ya kushukia. Mzee alinionya nisiuamini sana: maji ya ziwa hayapitishi umeme kama ya bahari, kwa hiyo radi inaweza kuruka pembeni kutafuta njia nyingine, na njia nyingine ni mtu. Redio na simu mbili ziliingia kwenye sufuria ya chuma yenye mfuniko.

Mwisho watu. Hakuna aliyelala botini. Kijana alitaka kubaki alinde. Mzee alimwambia: "Boti la mbao linajengwa tena." Tulipanda kwenye jiko la mama, mita 60 juu ya maji. Alikuwa ameshaweka maji ya chai.

Saa kumi na moja kasoro upepo ulikata kabisa. Ndege walinyamaza. Kisha ikaja baridi, ghafla, kama mtu amefungua mlango wa kisima, na kutoka upande wa Kalehe mstari mweupe ukaanza kutembea juu ya ziwa kuja kwetu. Dalili ya mvua ni mawingu, lakini kwenye ziwa hili upepo unatangulia mvua. Ulipofika mdomo wa ghuba niliona omo ya Mwendapole inainama, amari zote mbili zinatoka majini zikidondosha maji, zinanyooka, zinarefuka, zinashika. Kijana alinishika mkono bila kujua. Mvua ikafuata, halafu mvua ya mawe iliyopiga mabati mpaka tukawa tunazungumza kwa ishara.

Saa mbili usiku upepo uligeuka. Hilo hatukulipanga vya kutosha. Kamba ya tezi ya kushoto, iliyokuwa hewani mchana kutwa bila kugusa chochote, sasa ililalia mwamba ambao hatukuuvisha gunia. Tuliuona kwa mwanga wa radi. Kila mwanga, kamba ilikuwa imebakiza kidogo zaidi. Nilisimama kwenda. Mzee alinivuta nikakaa.

"Hesabu."

Nilihesabu kutoka mwanga hadi ngurumo: mbili. Kila sekunde tatu ni kilomita moja, kwa hiyo radi ilikuwa inapiga karibu juu yetu, na kamba ile ilifungwa kwenye mti mkubwa peke yake ufukweni. Hakuna mtu aliyeruhusiwa kutoka. Karibu saa moja tulikaa mlangoni tukitazama. Kamba ilikatika. Tezi ikazunguka kuelekea mwambani, na tukasikia, katikati ya kelele zote, mbao ikigonga jiwe. Mara moja. Mara ya pili. Kamba ya kulia na nanga zikalishika lisiende mbali zaidi. Nililia, na siwezi kusema nililia kwa ajili ya boti tu.

Nilipofikisha thelathini kati ya mwanga na ngurumo, mara tatu mfululizo, Mzee alisimama. Hatukuwa na kamba nyingine. Mama aliingia zizini akarudi na kamba nene ya kufungia ng'ombe, kama mita 12, ingali na joto la mnyama. "Mutairudisha mukipita," alisema. Kijana aliunga ile iliyokatika na hii, akaogelea na ncha yake kiunoni hali sisi tumeishika nyingine. Saa tano usiku Mwendapole lilikuwa limesimama tena katikati ya ghuba. Nilikula bugali na lengalenga (mchicha) nikiwa nimesimama, na sikumbuki ladha.

Jumatatu 18 na Jumanne 19: ghubani bado

Ngama ilikuwa na maji ya vidole vitatu, yote ya mvua. Pampu iliyatoa kwa dakika nne. Nilikikumbuka kile kitambaa. Usukani ulikuwa umepasuka kwa urefu wa mkono na ubao mmoja wa tezi umekwaruzwa, haukutoboka. Chini ya maji, nanga ya kushoto ilikuwa imezama kwenye tope mpaka kijana alipiga mbizi mara tano kuifungua. Ya kulia ilikuwa imesogea hatua mbili.

Fundi wa mitumbwi wa kijiji cha pili aliukarabati usukani kwa vipande viwili vya mbao na misumari iliyopindwa ncha. Alichukua dola 15, na tulipoongeza tano akatupa kahawa ya kukoboa nyumbani. Mitumbwi miwili ya jirani ilivunjika usiku ule, iliyoachwa majini na wenyewe waliokuwa msibani. Jumanne mchana tulisaidia kuipandisha.

Kijana aliniuliza jambo ambalo nadhani wengi Goma wanaliwaza: je, tufani kama ile haiwezi kuchokoza gesi ya ziwa? Chini kule kuna takriban kilomita za ujazo 300 za kabonidayoksaidi na 60 za methani zilizoyeyuka majini. Ila upepo huchanganya maji ya juu tu. Hata upepo mrefu wa kiangazi unaishia kama mita 60, na gesi nyingi iko chini sana ya hapo, chini ya maji mazito yenye chumvi zaidi. Hatari inayomhusu msafiri wa boti iko nchi kavu. Ukielekea Goma na Sake, usitafute kujikinga na upepo ndani ya mashimo na mabonde ya ufukweni. Humo hukusanyika mazuku, kabonidayoksaidi inayotoka ardhini, nzito kuliko hewa, haina rangi, na aliyelala humo usiku haamki. Kaa juu, hata ukilowa.

Jumatano 20: Idjwi – Goma

Tuliondoka saa kumi na moja alfajiri, baada ya kuwatazama wavuvi kwanza. Walikuwa wametoka wote. Mama alikuja kutuaga, nikataka kumrudishia kamba, lakini ilikuwa bado imeungwa na yetu na Mzee hakutaka kuikata. Mama alisema twende nayo.

Siku nzima ilikuwa upepo wa pembeni, tanga na mkunjo mmoja, mihogo ya kuchemsha, na hakuna cha kusimulia. Jioni volkano ya Nyiragongo ilijitokeza na wekundu wake mawinguni. Tulipita mbali kidogo na Kituku. Mzee alivua kofia. Kijana aliyekuwa anaimba alinyamaza mwenyewe, na tukapita hivyo mpaka mtaa wa Himbi.

Alhamisi 21: Goma

Pale mahali pa awali palikuwa pamechukuliwa kweli. Jirani wa mjomba alitupa nafasi kwenye ukuta wake kwa dola 20 kwa mwezi. Ufukwe wa Goma ni mawe ya volkano, makali kama kisu, na kamba ya nailoni hapo haimalizi wiki ikiwa uchi. Tulimaliza bomba lote la bustani, na mipira ile mitatu ya bure. Safari hii nilizunguka mwenyewe nikiuliza, upepo ukitoka kule, kamba hii italalia wapi? Na ukitoka kule? Nilivisha magunia mawe manne ambayo kamba hazikuyagusa kabisa.

Gharama zote, kamba, karatasi, mafuta, fundi, chakula na malipo ya watu wawili: dola 486. Nusu ya hizo, ukiwa na boti lililotunzwa, hutazihitaji.

Kabla ya kurudi Bukavu na boti kubwa la usiku, Mzee alikaa ukutani asubuhi nzima na kamba ya ng'ombe. Sehemu mbili zilikuwa zimesagika. Alizikata, akaweka nailoni mpya, akasuka ncha kwa ncha mpaka huwezi kuona mahali zilipokutana ila kwa rangi. Niliifunga pamoja na chumvi kilo mbili na sabuni mche mmoja, akaishusha Idjwi njiani kwa mkono wa wavuvi.

Juzi nimepokea ujumbe wa sauti kutoka namba nisiyoijua. Nyuma yake kuku, watoto, na ng'ombe analia.

"Aksanti, batoto. Kamba imefika. Lakini imerudi ndefu kuliko nilivyowapa. Sasa ng'ombe anafika mpaka kwenye nanasi."